Usimwite mama mkwe kwenye spoti, mpe mgeni wa kusindikiza

Swali: "Jambo Daktari. Tunakaa Katindo, hapa Goma, watu wanane katika nyumba moja. Mama mkwe wangu ana miaka 68, ana tansio, yaani shinikizo la damu, na anashinda kwenye kiti asubuhi mpaka jioni. Bwana yangu ana duka Birere. Anaenda kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, anarudi kwa moto. Kijana wetu wa miaka 15 na dada yake wa 13 hawaachi simu. Wadogo wana miaka 8 na 4. Mdogo wangu wa kike ndiye anatusaidia kazi na kuchota maji. Mwezi wa tano niliwaamsha wote saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumamosi twende futingi, kukimbia barabarani. Jumamosi ya tatu nilijikuta barabarani peke yangu na yule wa miaka 8. Parsele yetu, kiwanja cha nyumba, ni mawe matupu. Nifanye nini ili watoke nje wautumie mwili, kila mtu kwa umri wake? Tena kuna jirani anayehama, anatuuzia mashine ya umeme ya kukimbilia kwa dola 200. Tununue? Mama wa Katindo."

Mama, jambo sana. Kwanza nivue kofia isiyo yangu: mimi si daktari. Ni mtu wa kinezi, wale wanaokushika goti lililogoma wakikuambia kunja, nyoosha, kunja tena. Pili, pongezi kwa zile Jumamosi mbili. Kuwatoa watu wanane kitandani saa kumi na moja, na baridi ya Goma ninayoijua, wengi hawafiki hata Jumamosi moja.

Kilichokuangusha si uvivu wao. Uliwaita watu wa rika zote kwenye jambo moja, saa moja, mwendo mmoja. Tena jambo lenyewe halikuwa na linakokwenda: mnakimbia, mnageuka, mnarudi mlikotoka. Mtoto anakimbia kwa sababu kuna mpira mbele yake, na mtu mzima anatembea kwa sababu kuna mtu anamngojea. Ukiondoa mpira na ukaondoa anayengoja, kinachobaki ni adhabu, hata ukiibatiza jina la spoti.

Nayajua haya kwa sababu nilianguka hapo hapo, tena mimi nikiwa nalipwa. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha afya hapa mjini, nilianzisha kikundi cha wazee wenye tansio na sukari. Kila Jumatano saa tatu asubuhi: viti kumi kwenye duara uani, na kwenye kila kiti karatasi yenye michoro ya mazoezi, maelezo kwa Kifaransa safi. Jumatano ya kwanza walikuja kumi na mmoja, mmoja akakosa kiti. Ya pili walikuja sita. Ya tatu alikuja mzee mmoja tu, naye alikuwa amefuata mwamvuli wake aliousahau. Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akanijibu bila hata kuketi: "Mwanangu, ulituita tuje tuwe wagonjwa pamoja. Ungetuita twende mahali." Akachukua mwamvuli, akaenda zake Majengo kwa miguu. Kumbe mzee yule alikuwa akitembea kunishinda mimi niliyepanga viti.

Tangu siku hiyo simwambii mtu afanye spoti. Namuuliza anaenda wapi, na anaenda na nani. Basi tuwapitie watu wako hivyo hivyo.

Nianze na mama mkwe, maana ndiye mwenye mengi ya kupata na ndiye mwenye hatari kubwa ya kuanguka. Ukimwambia "Mama, twende futingi", unamwambia mambo ambayo hukuyakusudia: kwamba ni mgonjwa, kwamba pengine avae suruali, kwamba avenyu nzima itoke kumwangalia. Lakini akisikia mgeni anaaga, ataangalia viatu vyake viko wapi. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa mpaka kwenye kona, mpaka barabara ya lami, na mazungumzo yakinoga mnajikuta mmefika kwake, naye anageuka kuwasindikiza ninyi. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi neno hilo nalichukua kama lilivyo, na kulipimia dozi.

Dozi yenyewe ni hii. Dakika 10 kwa miguu asubuhi, 10 jioni, siku tano za juma: hiyo ni 100. Jumapili aende ibadani kwa miguu, tuseme dakika 25 kwenda na 25 kurudi. Tumefika 150, na 150 kwa juma ndicho kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani, ile OMS, liliwawekea watu wazima wote mwaka 2020, wazee wakiwemo. Anayeweza aende hata 300. Zamani walitaka kila kipande kisipungue dakika 10 mfululizo. Mwaka huo sharti hilo wakalifuta, kwa hiyo hata dakika 4 za kwenda kwa jirani kuomba chumvi zinahesabiwa. Mwambie hilo, litamfurahisha.

Wageni nao hawaji kila siku. Siku hizo kuna mama aliyejifungua, kuna mgonjwa, kuna nyumba ya msiba ambayo haijatazamwa. Ila angalia adabu: wewe ni mkwe, usimtume mama mzee. Mwanawe ndiye amwombe: "Mama, nenda ukamwone fulani kwa niaba yangu, mimi duka halinipi nafasi." Ombi la mwana na amri ya mkamwana ni vitu viwili, hata kama njia ni ile ile na dakika ni zile zile.

Mwendo uwe wa namna gani? Asikie pumzi imepanda, aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Kama anamaliza wimbo wa kwaya mpaka kiitikio bila kukata sauti, basi anatembea kama mtu anayetafuta sindano, aongeze. Matembezi ya namna hiyo yakidumu, kwa mtu mwenye tansio namba ya juu hushuka kwa kiasi cha milimita 5 hadi 8 za zebaki, jambo ambalo si dogo. Lakini hayo ni juu ya dawa, si badala ya dawa. Asiache hata kidonge kimoja kwa kuwa amejisikia mwepesi. Kabla hajaanza apimwe. Kipimo kikisoma 180 juu au 110 chini, kituo cha afya kwanza, matembezi baadaye. Na akiwa njiani akibanwa kifua, akipata kizunguzungu au akikosa pumzi hata akisimama, aketi na mtu akatafute msaada, asijikaze ili asiwaangushe wajukuu.

Sasa miguu yenyewe. Mtu wa Goma anatembea juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo hayasamehe. Wazee wengi waliofika kwangu na nyonga au kifundo kilichovunjika hawakuanguka milimani. Walianguka kwenye hatua tano kati ya mlango na choo, wamevaa kandambili. Mtafutie kiatu kilichofungwa nyuma, chenye soli isiyoteleza, hata kiwe kimevaliwa na mtu mwingine kabla yake, sokoni havikosekani. Na leo jioni mpime hivi. Chukua kiti cha kawaida kisicho laini, kiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Akae katikati ya kiti, nyayo chini, mikono aikunje msalaba kifuani. Ukisema "haya", asimame wima kabisa, akae, asimame tena, bila kujisukuma kwa mikono, kwa sekunde 30. Wewe hesabu amesimama mara ngapi, kijana wa simu ashike saa. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akishindwa kufika mara 11, mapaja yamelegea na hatari ya kuanguka iko karibu. Dawa yake ni kipimo chenyewe: asimame na kukaa mara tano, apumzike, mara tano tena, angalau siku tatu za juma, halafu ashike fremu ya mlango asimame kwa mguu mmoja, kila mguu sekunde 10. Afanye hapo mlangoni kwenye jua la asubuhi, kabla ya kumenya viazi. Wala hakuna haja ya kuliita zoezi.

Papa wa watoto nitampitia haraka, maana ugonjwa wake unajulikana: kiti cha duka, kiti cha moto, kiti cha sebuleni. Mwaka 1953 Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walitoa utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na mkusanya nauli walipanda gari lile lile, na mmoja alikaa siku nzima wakati mwingine alipanda na kushuka mamia ya ngazi kukata tiketi. Aliyekaa ndiye aliyepatwa zaidi na ugonjwa wa moyo. Kwetu mfano huo unapita barabarani kila asubuhi: mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, amebeba magunia, jasho linamtiririka, na pembeni yake papa wa duka kwenye moto amejikunyata na koti. Mji huu ulimjengea mwenye chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Papa wa moto sijaona sanamu yake.

Simwambii asukume chukudu. Ashukie katikati ya mji asubuhi, amalize njia ya Birere kwa miguu. Jioni aende nusu ya kwanza kwa miguu kabla ya kusimamisha moto. Dukani bidhaa zinazotoka sana asizipange mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka. Na kama ana simu inayohesabu hatua, asitishwe na ile 10,000. Namba hiyo haikutoka hospitali. Ilitoka kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Kwa umri wake, kati ya 8,000 na 10,000 ni pazuri, lakini mtu anayetoka 2,000 kwenda 4,000 ndiye anayevuna zaidi kwa kila hatua. Kuhusu kitumbo, najua watu wanakisifia kuwa ni kitumbo cha pesa. Sina la kusema, ila mimi ndiye ninayekutana na magoti yanayokibeba.

Vijana. Usigombane na simu, utashindwa, na si wa kwako peke yao: hesabu ambazo OMS ilizitoa mwaka 2019 zilionyesha kuwa duniani vijana 81 kati ya 100, wa miaka 11 hadi 17, hawafikishi kiasi cha saa moja ya kutumia mwili kwa siku. Wavulana 78, wasichana 85. Tazama pengo hilo la wasichana, maana binti yako wa miaka 13 yuko katikati yake. Kijana wa 15 atatoka. Ana wenzake, kuna mpira, na ukiacha kumwambia akimbie na mama yake ataenda mwenyewe. Ukitaka kumharakisha, mpe jukumu lenye heshima, mathalani afundishe mpira wadogo wa avenyu Jumamosi mchana. Mvulana wa umri huo hataki kufanyishwa mazoezi, lakini kuwafanyisha wengine anapenda mno.

Binti ni habari nyingine. Wengi wanaacha kucheza mwaka ule ule ambao kifua kinaota na hedhi inaanza. Hana nguo anayojiamini nayo, wavulana wa kona wanapiga miluzi, na nyumbani kazi za jikoni zimemshukia yeye wakati kaka yake yuko uwanjani. Kabla hujamwambia "toka nje", angalia kama mchana wake una nafasi ya kutoka. Halafu mnunulie sidiria inayobana vizuri na kaptura ndefu ya kuvaa ndani ya sketi. Hiyo itafanya kazi kuliko mahubiri kumi. Na mchezo upo, wala hauhitaji uwanja: nzango. Wewe mwenyewe umeucheza, usikatae. Wawili wanakabiliana, wanaruka, wanapiga makofi, wanatupa mguu mbele, na pointi inahesabiwa kwa namna miguu ilivyokutana, huku wengine wanaimba. Mchezo huo wa wasichana wa uani ulifika mpaka kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015. Kwa mtaalamu wa mifupa ni zawadi: umri huu ndio mwili unaojenga akiba ya mifupa, na mifupa hujengwa kwa kuruka. OMS inataka mazoezi ya kuimarisha mifupa na misuli siku tatu za juma kwa watoto na vijana, na nzango inayatoa kwa kicheko. Waite wasichana watano wa majirani, nawe siku ya kwanza ingia uone kama miguu inakumbuka. Wakikucheka, umeshinda.

Unaniambia parsele ni mawe matupu. Nimeingia parsele nyingi za namna hiyo: sakafu yake ni lava iliyoganda, yenye meno, mtoto akianguka anaacha ngozi ya goti pale. Usiiache hivyo. Chagueni kona ya mita tatu kwa nne, mbali na choo na tangi la maji. Jumamosi moja, kama ile ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ila hii iwe ya kwenu, papa na kijana wavunje ncha kwa nyundo, wakivaa miwani au kitu cha kukinga macho maana vipande vinaruka. Wakubwa wajaze mashimo kwa vipande hivyo hivyo, wadogo walete changarawe laini nyeusi kwa visahani na ndoo ndogo, mmwage mpaka kina cha kiganja kilichosimama, mmwagie maji, mkanyage. Kukanyaga ndiko watoto watakakopenda: imbeni, rukeni, mpaka ishindiliwe. Mkimaliza mtakuwa na uwanja wa kamba na nzango, na papa atakuwa amefanya kazi ya misuli kuliko mwezi mzima wa duka. Zoezi la nyundo halimo kwenye karatasi zangu za Kifaransa, lakini lingestahili.

Wale wadogo hawahitaji kuhimizwa, wanahitaji kutozuiwa. Wa miaka 4 apate saa tatu za kuchangamka kwa siku, zikiwa zimetawanyika, na moja kati ya hizo iwe ya kutoka jasho. Wa miaka 8, saa moja. Kuwa nje kwenyewe kuna faida ambayo wazazi wengi hawaijui: macho. Katika mji wa Guangzhou, China, shule za msingi ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu waliopata shida ya kutoona mbali walikuwa karibu 30 kwa mia, na katika shule ambazo hazikuongeza walikuwa karibu 40. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Kwa hiyo mtoto anayechora ardhini kwa kijiti uani naye anafaidika, hata bila kukimbia.

Hapa niwe mkali kidogo, kwa sababu ya ile saa kumi na moja yako. Goma iko jirani na ikweta. Mwaka mzima jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili. Saa kumi na moja ni giza, na kwenye giza kuna mambo mawili. La kwanza ni mazuku. Jina tunalo sote, lakini wengi wanadhani ni la wakulima wa huko mbali. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inalala kwenye mabonde na mashimo kama maji, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake na kando ya ziwa. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajikusanya. Jua na upepo vikija inatawanyika. Mtu mzima anaweza kusimama kwenye shimo kichwa chake kikiwa juu ya gesi, na mtoto aliye kando yake kichwa chake kikawa ndani. Ndiyo maana mchezo wa kujificha usichezwe kwenye mashimo na mahandaki, na mahali penye ndege au panya waliokufa bila sababu pahamwe mara moja. Mtu akianguka humo, usiruke kumfuata. Mwokozi ndiye huwa wa pili kufa. Piga kelele, watu waje na kamba.

Jambo la pili papa wa watoto huenda ameshalisema: usalama. Sitakufundisha mji wako. Tokeni jua likiwa limechomoza, rudini kabla halijazama, mfuate njia zenye watu. Watoto wafundishwe wimbo mmoja: chuma nisichokijua sikigusi, sikirushi, namwita mkubwa. Vita vimeacha vitu ardhini, na mtoto anayetafuta mpira kwenye majani anaweza kuokota kingine. Ziwa nalo ni zuri, lakini ukingo wa Kivu unaporomoka ghafla, hatua mbili maji yako kiunoni, ya tatu huna ardhi. Mtoto asiingie bila mtu mzima anayejua kuogelea akiwa naye majini, si akiwa ukingoni na simu. Na siku za kiangazi, vumbi la malori likiwa limesimama hewani, au siku mlima wetu wa volkano unapomwaga moshi wake upande wenu, chezeni uani au mngojee mvua ilaze vumbi. Mapafu hayapati medali.

Umemtaja mdogo wako kwa mstari mmoja, anayechota maji. Bidoni la lita 20 ni kilo 20, kichwani au mgongoni, mara kadhaa kwa siku, juu ya mawe. Huyo amekwisha fanya spoti ya nyumba nzima, na ukimwamsha Jumamosi kwa futingi unamwonea. Yeye mpe usingizi. Mgawanyie safari zake: kijana wa 15 achukue nusu, na ikiwezekana mzigo uwe bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, ili shingo ipumue. Hapo umemtoa mmoja kwenye simu na umempumzisha mwingine kwa mpango mmoja.

Na wewe? Umeandika juu ya watu saba, juu yako hukuandika hata neno. Jumamosi yako usiifute, isogeze tu mpaka saa moja asubuhi, na iwe na linakokwenda: sokoni Kituku siku moja, kwa dada yako siku nyingine. Chukua rafiki mmoja ambaye ukikosa kutokea atakugombeza. Na yule wa miaka 8 aliyebaki nawe Jumamosi ya tatu ndiye mtaji wako. Mpe kazi ya kupita vyumbani kuuliza "nani anakuja?", mara moja tu, bila kubembeleza. Watakaokuja wanatosha. Baada ya miezi miwili hesabu tena mara ambazo mama mzee anasimama kwenye kiti, uniandikie.

Mashine muachie jirani. Umeme wetu unaujua, na mashine hiyo ikizimika katikati ya hatua inamrusha mtu. Nimeingia nyumba tatu zenye mashine kama hiyo. Mbili wanaanikia vitenge, ya tatu bado wanatafuta waya. Ukiwa na dola 200, viatu vya mama mzee kwanza, kisha nguo za binti, mpira, kamba ndefu ya kuruka, nyundo nzuri, na mwamvuli mkubwa wa watu wawili, maana mgeni wa mwezi wa kumi na moja anaaga wakati manyunyu yameanza.